Walilisifu Tumbo Langu

Ndugu wa shirika, kabla ya yote: nimekula. Asubuhi nimekula maharage na viazi, na nimeshiba. Nasema hivyo kwa sababu kuna wanaonong'ona kwamba nimekonda kwa ugonjwa, na mmoja amekwisha kumpa mke wangu pole. Sina ugonjwa. Nisikilizeni.

Wengi mnajua nilikuwa mkulima upande wa Oicha. Kakao, mihogo, jembe tangu kupambazuka. Ugali nilioula jioni ulikuwa na kazi ya kufanya kesho yake. Vita ilipotutoa shambani, nikafungua duka la misumari na mabati hapa Butembo. Nikaketi. Pikipiki inanipeleka, kiti kinanipokea, pikipiki inanirudisha. Lakini sahani haikubadilika: kilima kilekile cha ugali, sombe ya majani ya mihogo inayoogelea katika mawese, na jioni bia, kwa kuwa sasa nilikuwa mfanyabiashara.

Mwili ukafanya kazi yake: kisichotumika, ukakiweka. Tumbo likashuka juu ya mkanda. Chini ya mkunjo wake ngozi ililowa, ikachubuka, ikanuka kama kitambaa cha vyombo kilichosahaulika ndani ya maji. Mnisamehe, akina mama, lakini nilikuwa nikijipangusa huko huku nimegeuza uso. Na watu walisema nini?

"Eeh, patron! Sasa uko mutu!"

"Huyu vita haikumupata. Angalia shingo!"

Wakanipapasa tumbo kama wanavyopapasa ng'ombe sokoni. Nami nikacheka. Sifa zile zinanitia kichefuchefu hadi leo kuliko ile harufu.

Mke wangu hakucheka. Ili kumridhisha nikanunua sokoni chupa ya dawa nyeusi ya kuyeyusha mafuta, nikainywa palepale. Ndugu zangu, nawaambia, sikufika nyumbani. Ilinikamata juu ya pikipiki, kwenye mteremko. Mwendeshaji akasimama, akanusa, akaniangalia, akakiangalia kiti cha pikipiki yake.

"Papa, sasa hii moto nitaioshea wapi?"

Nilipungua siku ile, ndiyo. Yalitoka maji. Nilipokunywa, uzito ukarudi. Mafuta hayakusogea.

Baadaye tukaenda Beni kwenye msiba wa upande wa mke wangu. Mchana, watu bado wanakula, risasi zikalia karibu. Wote wakakimbilia mlimani. Mke wangu alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Mimi nilifika nusu ya mlima, pumzi ikakatika, nikatapika nyama ya msiba kwenye majani. Nikamwambia aende na watoto. Mama mkwe wangu, mwenye mvi, akanipita, kamba ya kikapu imemkaza kipaji cha uso. Kisha akarudi chini.

Mnajua kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Hata njiani tunapishana kwa mbali. Akanyoosha mkono.

"Leta mukono."

"Mama, naona haya..."

"Haya tutaikuta kule juu, kama tuko bazima. Leta!"

Akanivuta. Mkono wangu ulikuwa unateleza kwa jasho na matapishi, na watoto wangu wanatazama kutoka juu. Tulipona sote. Lakini risasi zingetufuata, mama yule angekufa kwa ajili ya mafuta yangu. Nilijichukia kama mtu anavyochukia nyama iliyooza.

Nikatafuta vile vitabu vya wauguzi, vya Kifaransa, vinavyouzwa kando ya barabara, nikavisoma dukani. Mwanzoni nilivielewa vibaya: nikaacha kula. Mikono ikakonda, tumbo likabaki. Aliyeninyoosha ni muuguzi mmoja, na leo yuko hapa.

"Papa, unakulaka kama mulimaji, unaikalaka kwa kiti kama patron. Ukifunga tu, mwili unakula nyama yake yenyewe, na unazoea kutumia kidogo. Kula, lakini kwa kipimo. Na utembee."

Basi: ugali wa ngumi moja, maharage zaidi, mboga isiyozama katika mawese, bia kwa sikukuu. Dukani napanda kwa miguu, na mabati nayabeba pamoja na vijana. Nilijifunza kwamba misuli hula hata umelala. Mafuta yenyewe hukaa tu, karibu hayaombi kitu. Ilikwenda polepole mno. Kulikuwa na majuma ambayo hakuna kilichobadilika ila hasira yangu.

Namshukuru muuguzi. Namshukuru mke wangu, aliyeivumilia hasira hiyo na kuificha chupa ya mawese. Mama mkwe nilimpelekea mbuzi wa kurudisha heshima. Akampokea bila kunitazama usoni, kama inavyopaswa.

Nanyi, acheni kumpapasa mtu tumbo. Mkitaka kujua kama vita haikumpata, pandeni naye mlima mumsikilize anavyopumua. Siombi tukimbie tena. Nani angeomba hivyo? Lakini ikitokea, nataka niwe mimi ninayerudi chini kumvuta mwingine.