Seabata, Mwanamume Aliyesiriba Ukuta

Chifu wetu, Mchungaji, wajomba na mashangazi, majirani wa Ha Lepekola, na ninyi mliovuka mpaka kuja kutushika mkono katika baridi hii, mimi ni Khothatso, mtoto wa kwanza wa marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu mdogo wangu Sechaba amesema sauti yake haitafika mwisho, na Limpho, kitinda mimba wetu, amesema msimguse kabisa. Mtanivumilia nikihamahama hapa mbele, nyumbani kwetu kutulia hatukufundishwa.

Marehemu Seabata Ramokoatsi alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 hapa hapa Ha Lepekola, wilaya ya Mafeteng, katika Lesotho yetu hii, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, na bibi aliyemzaa alipenda kusema kwamba alitanguliza miguu, maana alikuwa na haraka ya kwenda mahali, ingawa mpaka bibi anafariki hakuna aliyejua ni wapi.

Alianza shule ya misheni mwaka 1964, akiwa amechelewa kwa kuwa alichunga ng'ombe wa baba yake, akamaliza darasa la saba mwaka 1970, akiwa hodari wa hesabu na mbovu wa kukaa kwenye dawati. Mwaka 1974 alikwenda Welkom, Afrika Kusini, kuchimba dhahabu, akapanda hadi kuwa kiongozi wa kikosi chini ya ardhi, mpaka Septemba 1991 alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, akarudi nyumbani na sanduku la bati, mablanketi mawili na kikohozi.

Tarehe 7 Novemba 1981 alifunga ndoa na mama yetu, aliyekuwa akiitwa Nthofela, na siku aliyoingia hapa wakwe wakampa jina la 'Makhothatso, yaani Mama Khothatso, kama desturi yetu inavyotaka, kwa hiyo jina langu lilinitangulia nyumbani kwa miaka miwili, nami nilipozaliwa mwaka 1983 nikalikuta limeshazoeleka. Sechaba alifuata mwaka 1986, na Limpho mwaka 1990.

Historia nyingine zikifika hapa huruka moja kwa moja kwenye ugonjwa. Mchungaji, nakuona unavyoitazama saa, lakini hapa sitaruka, kwa sababu maisha ya baba yangu yalianzia pale ambapo ya wanaume wengine hudhaniwa yamekwisha.

Januari 1992, baba akiwa hana kazi, mama alipata kazi za ndani Bloemfontein, ng'ambo ya mpaka, akawa anarudi mwisho wa mwezi tu, na baba akabaki na sisi watatu, mmoja bado wa kubebwa. Alimbeba Limpho mgongoni kwa blanketi lake la kiume, akaenda naye kisimani, akaenda naye kwenye mkutano wa chifu, na wazee mnaojikohoza hapo mbele mnakumbuka mlichomwambia. "Mama Seabata, leo umepika nini?" Naye hakuwahi kukosa jibu. "Nyama, na hujaalikwa." Lakini akifika nyumbani alikuwa hakai, anakoroga ugali huku anachungulia dirishani, anaosha vyombo vilivyokwisha oshwa, na kila jioni, kabla ya kutia komeo la mlango, alisimama kizingitini akauliza, "Wote wamo?" Tulikuwa watatu katika nyumba ya vyumba viwili, anatuona kwa macho yake, na bado lazima aulize, na lazima tujibu, "Wote tumo, baba," ndipo afunge.

Mvua za Machi mwaka ule ziliutafuna ukuta wa mbele. Mnajua wenyewe kwamba kukandika ni kazi ya wanawake, kwamba ukuta husiribwa kwa udongo na samadi, na kabla haujakauka mwanamke huchora nakshi kwa vidole na uma, na nyumba bila nakshi ni kama mtu bila nguo. Baba alikanda udongo mwenyewe, akausiriba ukuta wote vizuri sana, ukanyooka kama meza, na kwa kuwa hakujua kuchora, akauacha hivyo hivyo, mtupu.

Hapa kijijini ukuta uliosiribwa upya na kuachwa mtupu una neno moja tu, kwamba ndani kuna msiba. Baba alikuwa ameishi chini ya ardhi miaka kumi na saba, mambo ya kuta za juu alikuwa amesahau.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu 'Mapuleng, blanketi limefunika kichwa, akamkuta baba ana samadi mpaka viwikoni.

"Jikaze, Seabata. Ametuacha lini?"

"Nani?"

"Jamani, mwanamume wa watu amechanganyikiwa!"

"'Makhothatso yuko Bloemfontein, mzima!"

"Ndiyo, baba, ndiyo. Kaa chini. Mwili unaletwa lini?"

Kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kumlilia, wakamnyang'anya ndoo, wakamkalisha, na yeye anainuka, wanamkalisha tena. Habari ikapanda basi mpaka Mohale's Hoek kwa dada yake mama, mama mkubwa 'Mampoi, huyo hapo kwenye kiti cha mbele, mama mkubwa usinikodolee macho, leo nitasema yote. Siku ya Ijumaa, tarehe 27 Machi, alianzia kilio kule barabarani, akaingia, akatukumbatia, na hata maji hajanywa akawa ameshatugawa.

"Khothatso nitakwenda naye mimi. Sechaba aende kwa mjomba wake, kuna ng'ombe huko. Huyu mdogo tutamtafutia."

Nilikuwa na miaka minane. Nilimshika Limpho kwa nguvu mpaka akalia, na watu wakadhani analilia mama. Nawaambia kweli, sijawahi kuogopa neno lolote maishani kama nilivyoliogopa hilo "tutamtafutia", kwa sababu nilijua maana yake, kwamba tulikuwa watatu na tungekuwa mmoja mmoja.

Jioni hiyo hiyo, wanawake wakiwa katikati ya wimbo, mama akashuka kwenye basi la mwisho wa mwezi na mfuko wake wa unga na sukari, akasimama langoni akashangaa.

"Mnamlilia nani? Nani amekufa?"

Wimbo ukakatika. Mama mkubwa 'Mampoi alianguka chali juu ya rundo la kuni. Kijiji kilicheka mpaka Pasaka, na wengine najua bado wanacheka, chekeni tu, baba mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. Aliyekataa kucheka ni mmoja. Mama mkubwa alijipangusa sketi, akauonyesha ukuta kwa kidole.

"Leo ni uongo. Nyumba isiyo na mwanamke hata kuta zake zinasema. Nakuja Krismasi, shemeji. Nikikuta ukuta uko hivi, nawachukua watoto, na mjomba wao yuko upande wangu."

Mama alitazama mfuko wake, akauinua akaingia nao ndani, kwa sababu Jumapili alikuwa anarudi Bloemfontein, na bila Bloemfontein tusingekula. Baba aliuliza "Wote wamo?" mara tatu jioni ile, akafunga, akafungua, akafunga.

Tangu hapo hakutulia tena. Alikwenda kwa kina mama kuomba kufundishwa nakshi, mmoja akamwambia, "Nikikufundisha nakshi, kesho utakuja kuazima sketi yangu," na mwingine akamfungia mlango kwa adabu. Basi akawa anapita kijijini amebeba mtoto mgongoni, anasimama mbele ya kuta za watu, anachora hewani kwa kidole, hata watoto wakawa wanamwigiza. Alifanya majaribio kwenye banda la kuku. Anachora, anafuta, anachora, maua yake yanatoka kama buibui aliyekanyagwa, kuku wamechafuka samadi mpaka mikiani, na sisi tumekaa tunamhurumia na tunacheka. Mpaka Novemba alikuwa hajaweza ua moja, na mimi nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo zangu na za Limpho pamoja, ili wakija kutuchukua wasitutenganishe.

Mwanzoni mwa Desemba akakanda udongo wa ukuta wa mbele. Akasiriba wote, akashika uma, akasimama. Udongo ulikuwa unakauka. Ghafla akaingia ndani, akatoka na uma nyingine tatu.

"Njooni. Kila mtu achore pale mkono wake unapofika."

"Tuchore nini, baba?" Sechaba aliuliza.

"Mimi najua basi? Chora!"

Limpho alichora chini kabisa, mikwaruzo tu, Sechaba akachora juu yake, pembe za ng'ombe nadhani, mimi nikafuata na mistari yangu niliyodhani imenyooka, na baba akamalizia juu na wale buibui wake. Kilichotoka hakikuwa nakshi ya ukoo wowote katika nchi hii. Mama mkubwa alifika tarehe 23, hakusalimu, akaanza kutembea mbele ya ukuta kutoka pembe mpaka pembe, akarudi, na baba anamfuata nyuma hatua kwa hatua akiwa hata kofia hajavua.

"Shemeji, hiki ni nini?"

"Huyo ni Limpho," baba akasema, akionyesha chini. "Huyo Sechaba. Huyo Khothatso. Mimi niko hapo juu. Wote wamo."

Mama mkubwa akaomba maji na uma. Akalowesha pembe moja ya ukuta iliyokuwa imekauka vibaya, akachukua uma mkononi mwa baba, akanyoosha ua moja, moja tu, akanawa mikono, akaingia ndani akauliza kama katika nyumba hii chai hupikwa. Suala la kutugawa halikutajwa tena, na kila mwaka, asante mama mkubwa, alikuja kuchora pembe yake.

Hivyo tukakulia hapa, wote. Ukuta ulisiribwa upya kila Krismasi, na kila Krismasi mistari yetu ilipanda, mpaka ikafika mwaka baba akalazimika kuinama mwenyewe kujaza sehemu ya chini, akilalamika mgongo. Nilipovunja ungo alisimama nje ya mlango, hakuthubutu kuingia, akasukuma kifurushi kwa mguu, akasema, "Mama 'Mapuleng amesema utajua," kisha akaenda kukata kuni ambazo hatukuzihitaji. Sechaba alipobaleghe na kuanza kuchelewa kurudi, baba hakumpiga, alimsubiri langoni amejifunika blanketi, na Sechaba anasema afadhali fimbo. Mama yetu tulimpokea kila mwisho wa mwezi kwa heshima kama mgeni, na najua iliwauma wote wawili, na hilo nalisema mbele yenu kwa sababu wako wengi hapa wenye mama wa mwisho wa mwezi.

Mama alirudi moja kwa moja mwaka 2009, akakuta jiko lina mwenyewe. "Baba Khothatso, pumzika, mimi nipo sasa," alimwambia, naye akajibu, "Nikipumzika nitafanya nini?" Walinyang'anyana mwiko kwa miaka kumi. Watu wote walimwambia apumzike, daktari, Mchungaji, sisi kwenye simu. Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Kikohozi cha mgodini kilimzidi mwaka 2017, akalazwa hospitali ya wilaya mara kadhaa, na Aprili mwaka huu akaomba arudishwe nyumbani. Alhamisi tarehe 2 Mei 2019, jua likizama, mimi na Sechaba tukiwa kando yake, nilikwenda kufunga mlango kwa sababu upepo ulikuwa unakata kama kisu, akafungua macho.

"Wote wamo?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini swali lile hatukuwahi kulidanganya. "Bado Limpho, baba. Yuko njiani anatoka Maseru."

"Basi usifunge."

Tukamwongezea blanketi, tukakaa na mlango wazi, baridi ikaingia mpaka kwenye sufuria. Alifariki kabla Limpho hajafika, uso wake umeelekea mlangoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole ingawa alikuwa akishuka kitandani kila wakigeuka, inawashukuru wachimbaji wenzake wa Welkom waliokuja na nyimbo zao, majirani, hasa Mama 'Mapuleng, ambaye safari hii alikuja na blanketi kichwani na hakuwa amekosea, Chifu, Mchungaji, na wote waliochimba kaburi katika ardhi hii ngumu, na tukimsahau yeyote atusamehe.

Mmepita mbele ya nyumba mkaona ukuta. Jumatatu tuliufuta, sisi watatu na mama, na mama mkubwa akafuta pembe yake mwenyewe na kulia. Tumeusiriba mtupu, na mara hii hausemi uongo. Matanga yakiisha tutauchora, na chini kabisa wamepewa wajukuu.

Baba, Limpho alifika. Mlango ulikaa wazi siku nane kwa neno lako, mpaka jana jioni tulipokuleta kutoka mochwari tukakuingiza ndani, ndipo Limpho akasimama kizingitini, akatuhesabu, akautia komeo kwa mkono wake.

Wote tumo, baba. Pumzika kwa amani.