Mama Chupa na Wapishi wa Bahari

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Mwenye pasi mkononi aichomoe kabisa, maana nguo ikiungua nisije nikalaumiwa mimi. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefuga bakteria. Ndiyo, umesikia vizuri, bakteria! Aliwafuga kwenye chupa, akawapenda, na nyumba nzima ikajifunza kutembea kwa kunyata wasije wakashtuka.

Mtaani walimwita Mama Chupa. Alikuwa mtafiti wa viumbe vya bahari. Ametutoka wiki iliyopita, na ameacha mume na binti mmoja. Mume wake alikuwa mpishi wa hospitali, sasa amestaafu. Ndiye aliyenikaribisha jikoni kwake akanisimulia, huku akinijazia sahani bila kuniuliza kama nimeshiba.

Walikutana kwenye dirisha la jiko la hospitali. Bibie amekuja kumwona mama yake mgonjwa, lakini badala ya kuomba chakula, anaomba chupa tupu. Mpishi akampa chupa zote alizokuwa nazo, tena kaziosha kwa sabuni zikang'aa. Kesho yake bibie kazirudisha.

"Zina sabuni," akasema. "Itawaua."

"Itawaua akina nani?"

Akacheka, akaegemea lile dirisha, akaanza kueleza. Foleni ya watu wenye njaa ikasimama nyuma yake wakimtolea macho.

Na nyie niwaeleze alivyomweleza, tusije tukapotezana njiani. Hewa tunayovuta, sehemu yake kubwa ni naitrojeni. Mimea inaihitaji naitrojeni kama tunavyohitaji chakula, ila haiwezi kuinyakua hewani. Lazima iipate ikiwa imegeuzwa mbolea. Sasa huko katikati ya bahari, nani atamwaga mbolea? Hakuna. Ila kuna bakteria wanaoelea kwenye maji, ukiwaona kwa macho utadhani unga wa mbao. Hao huchukua naitrojeni ya hewa na kuigeuza mbolea wenyewe. Wao hula, na viumbe wengine wadogo hupata, na samaki hupata kwa hao wadogo.

"Kwa hiyo bahari nayo ina wapishi," akamwambia. Jamani, mpishi wa watu angeponea wapi? Haukupita muda mrefu wakafunga ndoa. Wifi mtu, dada yake mpishi, alikuja kuwatembelea akazikuta chupa sebuleni, akatoka akitangaza mtaa mzima, "Kaka yangu ameoa mwanamke anayefuga uchafu!" Baadaye wakawa marafiki wakubwa, lakini neno lile hakulifuta hata siku moja.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri. Ukafika wakati chuo kikataka kuifunga maabara yake. Chumba kidogo, mwanamke mmoja, chupa zake. Wakubwa wakaona heri kiwe stoo ya viti. Likaundwa jopo lije kukagua. Mama Chupa aonyeshe kwamba bakteria wake wanafanya kazi kweli, au akabidhi funguo. Ndiyo kazi aliyoianza akiwa msichana. Hakuwa na nyingine.

Na bahati mbaya, paa la jengo likawa linatengenezwa, vumbi kila mahali. Akazihamishia chupa nyumbani, akazipanga kwenye dirisha la jikoni kwa mumewe.

Mpishi akawa anawatazama kila asubuhi. Maji ya bahari, mwanga, chumvichumvi kidogo. Basi.

"Hawa wanakula saa ngapi?"

"Naitrojeni wanaichukua hewani, mume wangu."

"Hewani?"

"Hewani."

Alijikaza. Lakini yule ni mtu ambaye akimwona paka wa jirani analia, anatoa samaki wa mboga. Akawaona wamepauka pauka, wanyonge, nyumbani kwake, tena jikoni kwake! Siku moja mkewe alipotoka, akaenda kwenye makopo ya maua barazani, akachota mbolea, akatia kidogo kidogo kwenye kila chupa. "Niliwaonea huruma," ananiambia. "Mimi sijawahi kumlaza mtu na njaa."

Wakanawiri! Wakawa wengi, wakakolea rangi. Mama Chupa akashangilia, "Wamelipenda dirisha lako!" Mpishi akanyamaza, kifua mbele, kama mtu aliyelisha harusi nzima na sufuria zikabaki na akiba.

Siku ya jopo ikafika. Mama Chupa akawaweka bakteria wake kwenye mashine ya kupimia. Kama wanaigeuza naitrojeni ya hewa, mstari kwenye kioo unapanda. Watu wakatazama mstari. Mstari umelala chali. Akarudia. Umelala. Mwenyekiti wa jopo akakohoa, akasema, "Mama, naona vijana wako wamegoma."

Alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu miguuni. "Wana afya," akasema. "Wamenenepa. Na hawafanyi kazi yoyote. Utadhani kuna mtu anawalisha."

 Binti yao anakumbuka mpaka leo: "Baba alianza kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi." Angeweza kunyamaza, wasikilizaji wapendwa. Nani angejua? Lakini aliiacha sufuria, akaenda akasimama mbele ya mkewe, akasema yote. Mbolea, huruma, yote.

 Mama Chupa aliinuka, akamtoa nje ya chumba, akafunga mlango.

Mpishi akabaki kwenye ukumbi, uso ameuelekeza kwenye mbao za mlango. Aliogopa. Ananiambia hajawahi kuogopa vile. Ameharibu maisha ya mtu anayempenda, na ameyaharibu kwa kijiko. "Nifukuze," akasema pale mlangoni. "Nastahili kufukuzwa."

 Halafu mlango ukafunguka kidogo.

"Ulitia kiasi gani?"

"Ncha ya kijiko."

"Cha chai au cha mezani?"

"Cha chai."

"Chupa zote?"

"Zote. Sikubagua."

Basi mwanamke akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na mpishi akakaa naye, analia na kucheka kwa pamoja, hajui amesamehewa au mke amechanganyikiwa.

Alikuwa amesamehewa. Na zaidi ya hapo, mkewe alikuwa amepata wazo. Akaliomba jopo limrudie mara moja tu. Akawagawa wale wanene mafungu mawili. Fungu la kwanza likaendelea kupewa mbolea, na mpishi akaajiriwa rasmi kuwalisha. Fungu la pili akalihamishia kwenye maji ya bahari matupu, bila mbolea. "Hawa lisha," akamwambia. "Wale ukiwagusa, nakuacha."

Jopo likarudi. Akapima waliolishwa. Mstari umelala. Akapima walionyimwa. Mstari ukapanda, ukapanda, mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mbolea ikiwepo, hawajisumbui," Mama Chupa akasema. "Isipokuwepo, wanaitengeneza, na bahari inakula."

"Na wazo la kuwalisha lilikuwa la nani?" mwenyekiti akauliza.

"La mume wangu," akajibu, macho makavu. "Ni mtaalamu wa lishe."

Viti vikatafutiwa stoo nyingine. Chumba kikabaki chake mpaka alipostaafu, na waliofundishwa humo leo wanafundisha wengine.

Mwaka huu akaugua. Wakamlaza hospitali ileile ambayo mumewe alipikia ujana wake wote. Mpishi akawa anakuja na vyombo: supu, uji, matunda yaliyopondwa. Hakipiti hiki, analeta kile. Anabembeleza, anapuliza, anashika kijiko. Mchana mmoja mkewe akaweka mkono juu ya bakuli.

"Leo usinilishe," akamwambia. "Kaa tu hapa."

Akakaa. "Sikujua mikono yangu niiweke wapi," ananiambia. Mkewe akaichukua, akaishika yeye.

Halafu akasema, "Na hiyo redio izime. Yule mtangazaji anaongea mno."

Wasikilizaji wapendwa, mtangazaji mwenyewe ni mimi. Kilikuwa kipindi hiki hiki! Mpishi alinieleza hilo kwa aibu, akiniongezea wali, na mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Wakakaa hivyo, mkono kwa mkono, mpaka kengele ya wageni ilipolia. Anasema ndiyo siku nzuri kuliko zote walizokaa pale.

Mzee wetu mpishi, binti, na wewe wifi mtu, poleni sana. Mmempoteza mtu mcheshi, mtu wa kazi, mtu wa kusamehe. Apumzike kwa amani.

Nawe unayenisikiliza, mfikirie mtu mmoja ambaye kila siku unamsogezea sahani, unamsogezea ushauri, unamsogezea maneno, kumbe anachokitaka ni ukae naye. Kama yumo humo ndani, nenda sasa hivi. Izime redio. Leo sinuni.