Tena, Aliyechora Majirani wa Galaksi Yetu

Dada yetu mkubwa, ambaye sote tulimwita Tena, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na muuguzi. Jina hilo alipewa na Baba. Kila Baba aliposhika mkasi, mtoto alisimama ubavuni pake akisema, “Pima tena.” Baba alinuna, akapima, na zaidi ya mara moja alikuta mtoto yuko sahihi.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, akaenda sekondari ya wasichana, kisha akahitimu fizikia chuo kikuu mwaka 1985. Ukoo ulitarajia mhandisi, ukapata mtazama nyota. Mjomba aliuliza hadi uzeeni kazi hiyo ni ya nini hasa.

Kazi ilikuwa kuchora ramani ya galaksi ndogo zilizo jirani na yetu, hafifu, nyingine zimefichwa na vumbi la angani. Alitumia darubini zinazopokea mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni lakini hupenya vumbi. Kamera zake lazima zipozwe mno, la sivyo joto lake lenyewe huzipofusha, na ndivyo fundi wa majokofu alivyoingia ukoo huu. Alipomposa, Tena alimwambia aulize tena baada ya mwezi. Shemeji aliuliza tena kesho yake. Walifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1992.

Mwaka 2009 alitangaza galaksi mpya, nasi nduguze tukatamba mtaa mzima. Miezi michache baadaye akagundua kuwa ulikuwa mng'ao wa nyota kali, ulioakisiwa ndani ya darubini yenyewe. Wenzake walimshauri anyamaze. Alisema heri lawama kuliko fedheha, akatangaza kosa lake mwenyewe. Lakini mng'ao ule ulimzuia kujua kama nyuma yake pana kitu, basi akaacha alama ya kuuliza kwenye ramani. Alama hiyo ilimkera miaka yote.

Januari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hakuuliza sana habari za siku zake. Aliuliza kama darubini mpya imeshapiga picha pale penye alama. Mwezi Mei mwanafunzi wake wa zamani alikuja, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilikuwepo, na moyoni nilimwomba amdanganye.

“Tumeangalia, Mama,” alisema. “Tukaangalia tena. Hakuna kitu pale.”

Tena alicheka hadi akakohoa. “Basi ifute ile alama. Ramani imekamilika.”

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, mabinti wawili, mkwe, mjukuu mmoja mbishi kama yeye, na sisi wadogo zake watatu.

Misibani husemwa kuwa marehemu ameacha pengo. Yeye asingekubali neno hilo kwa kuangalia mara moja. Basi jana tulipokaa mezani tuliangalia mahali pake, kisha tukaangalia tena. Pengo lipo.

Mungu ampumzishe dada yetu kwa amani.