Kiti Alichokikataa Lukas

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Nawe uliyesimama mlangoni, keti. Leo tunamkumbuka Lukas Mgaya, mpasua mbao wa Makambako, aliyefariki hospitalini Njombe mwezi wa Machi, mwaka huu wa 1957. Alikuwa mume wa Fidelia, na kwaya ya Walutheri ilimtegemea kwa besi. Ameuawa na govi. Naam, govi, ngozi ya mbele ya uume. Nalitaja kwa jina lake, kwa kuwa kutolitaja ndiko kulikomuua.

Kwao jando hakuna. Govi la Lukas lilibana tangu ujana. Mkojo ulitoka kwa shida, naye akajiambia ndivyo alivyoumbwa. Hata Fidelia hakuambiwa. Jumamosi moja, akioga baada ya kazi, alijipaka mafuta ya mbarika, akauma meno, akalivuta kwa nguvu mpaka likarudi nyuma. Alifurahi! Lakini alipotaka kulirudisha mbele, likagoma. Lilikwama nyuma ya kichwa cha uume, likabana kama pete kwenye kidole kilichovimba.

Kulipokucha, uvimbe ulikuwa umezidi. Hapo ndipo angeokolewa, wasikilizaji. Zahanati ilikuwa jirani kabisa. Lakini dresa wa zahanati hiyo, mwenye kuwatibu wagonjwa, ni mzee Hezekia, babaye Fidelia. Baba mkwe wake! Mtu ambaye Lukas hajapata kula naye sahani moja, leo amvulie suruali?

Hata hivyo alikwenda. Maumivu yalimsukuma. Mzee Hezekia anasimulia: “Aliinama, akanisalimu, ‘Kamwene, baba.’ Jasho lilimtoka na baridi yote ile. Nikamuuliza, una nini, mwanangu? Akasema, ‘Sina neno, baba. Nimepita kukusalimu tu.’ Nikamsogezea kiti. Akakikataa, akaenda zake. Nikakasirika. Nikampelekea binti yangu maneno kwamba mumewe ana dharau.”

Hakuwa na dharau, jamani. Hakuweza kuketi.

Maneno hayo yalimfikia Fidelia baada ya siku mbili, Lukas akijikanda kwa majani kwa siri na kusingizia mgongo. “Nilimkabili,” anasema Fidelia. “Akalia. Akanifunulia. Pale mbele palishaanza kuwa peusi. Nikasema, twende kwa baba sasa hivi. Akasema, ‘Heri nife.’ Nikapiga magoti, nikamsihi kwa jina la Mungu. Akakataa katakata.”

Basi wakadandia lori la mbao liendalo Njombe. Mvua, utelezi, lori likakwama matopeni. Homa ilimchoma Lukas, naye Fidelia akamfunika kwa kanga yake, akasukuma lori pamoja na wanaume, akarudi tena kumshika mkono. Karibu na Njombe mumewe akamwambia, “Mwambie baba, kile kiti sikukidharau.” Daktari alijitahidi kwa kisu na dawa, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Alimwambia Fidelia kwamba siku ile ya kwanza, yaelekea mikono ya dresa tu ingetosha kulirudisha govi mbele.

Nasema tena, tafadhali. Mtoto mdogo, govi lake kutorudi nyuma ni kawaida. Wazazi, msilivute kwa nguvu. Mtu mzima likimbana, likimuuma, likimzuia mkojo, aende kwa daktari. Na govi likirudi nyuma likakwama, aende saa ile ile. Si kesho. Saa ile ile.

Mwili ulipofikishwa Makambako, mzee Hezekia aliomba kuuosha. Wazee wakamzuia, wakasema si desturi mkwe kumwosha mkwe. Akawajibu, “Kuoneana haya kumetosha.” Akakunja mikono ya shati, akaingia. Alipotoka alisema neno moja tu kwa binti yake: “Ningeweza.”

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kumwambia marehemu hivyo ni rahisi. Mimi nawauliza ninyi mlio hai: ni nani nyumbani mwenu anayeficha, na anamficha nani?

Pole sana, Fidelia. Pole, mzee Hezekia. Poleni, wanakwaya, kwa sauti iliyopungua. Mungu awatie nguvu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, dresa akikukaribisha kiti, keti. Ukiwa huwezi kuketi, mwambie kwa nini.