Karatasi ya Fundi Kivuti

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Daktari Regina msimamizi wa zahanati hii, Mkurugenzi wangu Bwana Gitobu, wazee, akina mama mliotoka Siakago na jua lote hili, na wewe uliyesimama nje ya ua kwa sababu hukualikwa: hamjambo nyote.

Nimepewa dakika tatu, kisha utepe ukatwe. Naitwa Kinya, msimamizi wa michoro katika kampuni iliyochora chumba hiki cha kujifungulia. Mmeniona nikiinuka na kuketi kama mtu aliyekalia siafu. Si joto. Ni huu mlango.

Utazameni vizuri. Plasta ya upande wa kulia ni mpya kuliko ukuta. Mwezi wa tatu kitanda kililetwa, kikakwama hapo, ukuta ukabomolewa. Ikasemwa Fundi Kivuti hakufuata mchoro, akafukuzwa mbele ya vibarua wake. Nani hapa hakuisikia habari hiyo?

Sasa sikieni ambayo hamkuambiwa. Sisi wachoraji tuko wanne, na mchoro ni mmoja, unakaa kwenye folda ya pamoja ya kompyuta za ofisi. Ukiuchukua, unaandika jina lako ubaoni, ukimaliza, unaurudisha. Sheria hiyo niliitunga mimi, na nimewagombeza wengi kwa ajili yake. Ijumaa moja nikauchukua bila kuandika, nikaenda nao kwetu Kianjai. Nikaupanua mlango, sentimita tisini zikawa mia moja na ishirini, nikafunga kompyuta, nikaenda kupalilia maharagwe. Sikuurudisha ule mpya kwenye folda. Jumatatu mwenzangu Mutugi akachapisha ule wa zamani, maana ndio aliokuta kwenye folda, akampa Kivuti.

Kivuti ana tabia yake. Kila mchoro anaopewa, huandika nyuma tarehe na jina la aliyempa. Siku aliyofukuzwa aliniletea karatasi hiyo.

"Madam, soma mbele, halafu usome nyuma," akaniambia.

Mbele sentimita tisini, nyuma jina la Mutugi na tarehe ya Jumatatu ile; nikaelewa palepale. Nikamwambia nitashughulikia. Kisha nikaitia mkobani, na kwenye mkutano wa ofisi kuhusu kosa hilo nikawaonyesha wakubwa mchoro wa kompyuta yangu, wenye mlango mpana. Wote wakaniamini. Jamani, kwa nini wasiniamini, na mimi ndiye mwenye sheria?

Tangu hapo Kivuti hajapewa hata kazi ya kujenga choo huku. Miezi saba! Nami kila nikifungua mkoba naiona karatasi yake.

Bwana Gitobu, najua hii siyo hotuba uliyoipitisha jana. Barua yangu ya kukiri iko mezani kwako, na lolote utakaloamua nitalipokea.

Fundi Kivuti, karatasi yako hii hapa. Ulijenga ulichopewa. Nilikukosea, na nilijua. Ulifukuzwa mbele ya watu, basi njoo uichukue mbele ya watu.

Mheshimiwa, naomba mkasi usubiri kidogo. Mfungulieni lango. Asanteni nyote kwa kunivumilia. Mimi sitaketi mpaka afike.