Ngazi Tisa za Chumba cha Mazoezi

Mheshimiwa Mganga Mkuu, Matroni wetu mpendwa, ndugu wafanyakazi, wageni waalikwa, na wewe mke wangu uliyeniahidi kunivuta koti nikizidisha dakika kumi:

Kosa ambalo wengi wetu hulifanya kazi inapokwama ni kuitisha kikao. Tunadhani imekwama kwa sababu hatujaijadili vya kutosha. Mimi ninayestaafu leo, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwafundisha wagonjwa kutembea upya, nimehudhuria vikao kumi na vinne kuhusu njia ya mteremko ya kupandishia viti vya magurudumu hadi chumba hiki cha mazoezi tulichomo. Vikao kumi na vinne, na bado mmepanda ngazi tisa kuja kuniaga.

Mmenisifu sana asubuhi hii, nami nashukuru. Lakini mnamsifuje mtu kwa huduma ambayo mgonjwa wake hawezi kuifikia?

Nieleze kidogo, mnajua ndiyo tabia yangu. Mwashi wetu, fundi hodari, alisema hawezi kuanza bila mchoro. Sawa kabisa. Mchoraji akasema hawezi kuchora bila upana wa mlango. Sawa pia. Ikaandikwa barua stoo, kwa kuwa futi kamba iko huko. Mtunza stoo, muungwana asiyependa makosa, akajibu kwa barua kwamba haitoi futi kamba mpaka ajulishwe itapima kitu cha upana gani. Yaani ili tupewe kifaa cha kupimia, tutaje kwanza kipimo! Miezi minne barua zilipanda na kushuka, kila moja na muhuri wake. Hakukuwa na mvivu hata mmoja. Kazi ilikwama mikononi mwa watu makini, kila mmoja akimsubiri mwenzake kwa adabu.

Mwishowe nikaenda kuazima futi kwa fundi cherehani wa nje ya geti, yule mama tunayemwita Sindano. Akauliza kama nimekuja kupimwa suruali ya kustaafia. Nikamwambia napima mlango. Akacheka, kisha akaja mwenyewe kunishikia ncha. Tulimaliza kwa dakika mbili.

Mchoro ukapatikana, nikafurahi wiki nzima. Kisha kikao cha kumi na tatu kikataka njia iwe na paa, na cha kumi na nne kikataka maua pembeni.

Sasa naomba mliokaa karibu na dirisha mtazame chini. Yule aliye kwenye kiti cha magurudumu ni mpishi wetu mstaafu, aliyetulisha miaka ishirini kabla kisukari hakijamchukulia mguu, chini kidogo ya goti. Walinzi walitaka kumbeba aje kwenye sherehe hii, akakataa. Nikashuka mwenyewe kumbembeleza. Akaniambia, "Kaka, mwaka mzima nimebebwa kama gunia. Leo nimevaa vizuri. Niache nikusikilizie hapa hapa."

Kwa kuchoka huko kubebwa, amekosa mazoezi wiki sita sasa, na lile goti limeanza kukaza. Wenzangu wa taaluma hii mnajua: likikaza kabisa, hakuna mguu wa bandia utakaomsimamisha. Ugonjwa ulishachukua sehemu yake. Anayemnyima kutembea sasa ni nani, kama si sisi?

Jana nilimuuliza mwashi amebakiza nini. Mchoro anao, saruji anayo, mchanga anao. Kinachomzuia ni vitanda sita vibovu vilivyorundikwa pale njia itakapopita, navyo, msicheke, vinasubiri kikao cha kumi na tano. Kitanda kimoja ni mzigo wa watu wanne. Humu ndani tuko zaidi ya sitini.

Mheshimiwa Mganga Mkuu, nakushukuru kwa saa hii nzuri ya ukutani. Matroni, nakushukuru kwa miaka yote uliyonivumilia. Ninyi nyote, asanteni kwa kumpa sikio mzee asiyejua kueleza kwa ufupi. Chakula kitatungoja. Vueni makoti, tushuke sasa hivi, tuviondoe vile vitanda.