Tegwen Treharne wa Rehobothi, Aliyegoma Kufungiwa Kanisa

Ndugu, majirani na waumini wenzangu, wasifu huu ulipaswa kuwa mfupi. Wiki iliyopita Mzee Haydn Probert, kiongozi wa wazee wa kanisa letu, aliniomba nitaje tarehe, nitaje watoto, kisha nikae. Tarehe nitazitaja na watoto nitawataja. Lakini kwenye jalada la programu mliyoishika pameandikwa kwamba hii ni ibada ya mwisho kufanyika hapa Rehobothi. Maneno hayo yametoka kwa kamati ya makanisa kule mjini, hayakutoka kwa familia, na marehemu asingekubali yachapwe chini ya picha yake. Kwa nini asingekubali, ndiyo habari ya maisha yake, nami nimepewa kuisoma.

Marehemu Tegwen Treharne, ambaye kwao alikuwa Prydderch, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1937 katika shamba la Blaengarwen, juu kabisa ya bonde hili la Cwmgarwen. Alikuwa binti pekee wa Marehemu Dafydd na Marehemu Leisa Prydderch. Kaka yake, Marehemu Ithel, ndiye baba yangu, kwa hiyo huyu ni shangazi yangu. Alibatizwa humu ndani siku yenye theluji nzito, na nyanya yangu alizoea kusema kwamba mtoto alilia kwa sauti kubwa kuliko kinanda. Wengi wenu mtakubali kwamba sauti hiyo haikupungua sana baadaye.

Alianza shule ya msingi ya Cwmgarwen mwaka 1942, akaendelea na sekondari mjini, na aliacha masomo Desemba 1952, alipotimiza miaka kumi na mitano. Kichwa alikuwa nacho, ila mikono haikutulia. Mwalimu wa hesabu alimnyang'anya sindano, kesho yake akaja na nyingine ameichomeka ndani ya ukosi wa sare. Alipoulizwa atakuwa nani maishani, alijibu kwamba atashona mifarishi. Mwalimu akamwambia kazi hiyo imekufa, siku hizi watu wananunua mablanketi dukani. Shangazi akasema, "Basi watakaoona baridi watakuja kwangu." Alichapwa kwa jibu hilo. Walikuja, hata hivyo, kwa zaidi ya miaka sitini.

Kazi alifundishwa na Bibi Sal Benyon, mshonaji wa mwisho katika bonde hili aliyekuwa akihama shamba hadi shamba wakati wa baridi. Yeye na Shangazi walikuwa wakifika na fremu yao ya mbao ya kuwambia kitambaa, wanapewa chumba na supu ya kondoo, na hawaondoki mpaka kila kitanda cha nyumba ile kimepata mfarishi wake. Kitambaa kilitandazwa chini, sufu iliyochambuliwa na kufuliwa ikawekwa katikati, kitambaa kingine juu, kisha vyote vikashonwa pamoja kwa mishono midogo yenye kuchora majani na mizunguko. Mkono mmoja unakaa juu na mwingine unangoja chini. Nilipokuwa msichana nililalamika kwamba sindano inanichoma kidole cha chini. Shangazi akaniambia, "Isipokuchoma utajuaje kama imefika? Shona, mwanangu, acha kudeka." Kidole chake cha chini kilikuwa kigumu kama ukwato.

Alipokuwa akishona alimwombea mtu atakayelala chini ya mfarishi ule, kwa jina, na alianza upya kila alipotunga uzi. Kwa sababu hiyo hakushona akiwa na hasira. Alikuwa akisema hawezi kumlaza mtu na hasira zake kitandani. Zipo mara ambazo sindano ilikaa bila kazi kwa muda mrefu, na mara nyingi aliyesababisha alikuwa Mzee Haydn. Samahani, Mzee, lakini bonde zima linajua.

Sasa nifike kwenye ndoa, kwa kuwa naona wajukuu wanacheka kabla sijaanza. Mwezi Februari 1961, kijana mmoja aitwaye Idwal Treharne aliletwa kutoka mjini kutengeneza kinanda chetu. Aliteleza mtoni akiwa njiani, akafika amelowa mpaka kiunoni. Akavua suruali ndani ya chumba cha nyuma, akaitundika karibu na jiko, juu ya kikapu, akajifunga koti na kwenda kwenye kinanda chake. Kikapu kile, kama kila mtu wa Rehobothi alivyojua, ndicho tulichotumia kukusanya nguo kuukuu za kukata viraka. Suruali ikadondoka ndani. Shangazi akaingia, akaona sufu nzuri ya kijivu, akashukuru Mungu, akachukua mkasi.

Idwal alirudi akamkuta ameshika mguu mmoja wa suruali, na mwingine umeshakuwa miraba.

"Dada," akasema, "hiyo ni yangu."

"Ilikuwa yako."

"Nitarudije nyumbani?"

"Tulia hapo. Chukua huu mfarishi ujifunge, nikupe chai. Wewe ulitegemea nini, unatundika suruali juu ya kikapu cha viraka?"

Alikaa amejifunga mfarishi mpaka baba wa Shangazi alipomletea suruali yake ya kazi, iliyomwishia chini kidogo ya magoti. Wiki iliyofuata akarudi kuangalia kinanda. Na iliyofuata. Baba yangu alikuwa akisema kinanda kile hakijawahi kutengenezwa vizuri namna ile. Walifunga ndoa humu ndani Jumamosi tarehe 5 Mei 1962, wakajaliwa watoto wawili, Eurig na Delyth. Mjomba Idwal alitangulia mbele ya haki tarehe 17 Machi 2009, na mfarishi wenye miraba ya kijivu ndio uliomfunika mpaka mwisho. Walipendana sana. Niliwaona kwa macho yangu, na bado sijaona wengine kama wao.

Novemba 2021 boila ya kanisa, ile ya kupashia jengo joto, ilikufa. Tuliitwa chumba cha nyuma, sote tukiwa na makoti, na Mzee Haydn akatueleza kwamba hakuna namna. "Tuhamie mjini kipindi hiki cha baridi," akasema. "Ikija Aprili, tutaona."

Shangazi alikuwa amekaa karibu na mlango. "Haydn, hiyo 'tutaona' yako naijua. Ulisema tutaona kuhusu shule, iko wapi? Ulisema tutaona kuhusu posta, leo kuna mtu anakuja kulala humo wikendi na mbwa wake."

"Tegwen, watu wanaganda humu."

"Nitawafunika."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa hicho ninachofunikia watu tangu wewe uko kwenye nepi."

Kesho yake alinipigia simu niende na mwanangu wa kiume, tukaitoa ile fremu kubwa chumba cha nyuma na kuiingiza kanisani, moja kwa moja hadi kwenye kiti cha wazee wa kanisa, lile benchi lililo chini ya mimbari. Ujana wake wote hakuna mwanamke aliyekalia benchi lile. Alipima mwenyewe kwa macho: benchi limepinda kuzunguka, reli ya mbao iko mbele, fremu italala vizuri juu yake. Akafunga kitambaa chekundu, sufu, na kitambaa kingine, akaanza kushona. Mzee Haydn akaja mbio.

"Tegwen, hapa ni mahali pa wazee wa kanisa. Siyo karakana."

"Nina miaka themanini na minne. Unataka wazee gani zaidi?"

Toka siku hiyo alishona pale siku za kazi, majirani wakija kumsaidia. Jumamosi jioni alifunga sindano zote na kuzipeleka nyumbani, kwa kuwa siku ya Bwana hakushona kamwe. Jumapili asubuhi mfarishi ulikuwa umetandazwa pale pale kwenye fremu, nusu umeshonwa na nusu bado. Sote tulilikalia benchi, tukaingiza magoti chini yake, na katikati yetu chupa za maji ya moto za kujipashia, kutoka jikoni kwake. Tuliimba hivyo na tukasali hivyo. Mhubiri alipokosekana, Shangazi alisoma Zaburi mwenyewe. Mzee Haydn alisimama mlangoni na kofia yake Jumapili mbili, kukemea. Ya tatu alikaa pembeni kabisa ya benchi. Shangazi aliinua ukingo wa mfarishi bila kumtazama, na Mzee akaingiza magoti. Ibada ilipokwisha alikuwa wa mwisho kutoka.

Majira ya baridi ya kwanza yakapita, ya pili yakaingia. Januari 2023 kamati ikatuma watu watatu bila taarifa, Jumapili yenye theluji, wakitarajia kukuta mlango umefungwa na wao waongezee kufuli jipya walilokuja nalo. Walifungua, wakatukuta katikati ya wimbo. Tukaumaliza. Mkubwa wao akaitazama fremu, akatazama kitambaa.

"Mama, mnashona siku ya Bwana?"

"Unanionaje mimi?" Shangazi akasema. "Sindano ziko nyumbani. Leo tunapasha magoti tu. Hebu funga huo mlango, unatuingizia baridi."

"Sisi tumekuja kuangalia kama jengo bado linatumika."

"Umeshaangalia. Sasa kaa."

Wakakaa. Mmoja wao alikuwa na sauti nzuri ya besi, na tuliimba vizuri kuliko tulivyoimba mwaka ule mzima. Waliondoka baada ya chai wakasahau kufuli kwenye benchi. Shangazi alilitumia kukandamizia karatasi za michoro, akasema ni zito la kutosha.

Oktoba 2023 kifua kilianza kumsumbua. Alilazwa hospitali mjini na akatibiwa vizuri, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote. Alipotoka, daktari alimsihi. "Bibi, kule kanisani usiende tena wakati wa baridi. Kule ni friji."

"Friji ndiyo inayotunza vitu, mwanangu."

Alikwenda. Nilimlaumu, na nilimpeleka mimi mwenyewe kwa gari, maana asingepelekwa angetembea. Desemba alianza mfarishi mpya, wenye mizunguko mikubwa katikati na majani pembeni, lakini vidole havikumtii tena kama zamani, na baada ya Krismasi hakuweza kushuka kitandani. Jumamosi tarehe 20 Januari nilikaa naye mchana kutwa. Aliniuliza kama fremu bado iko mahali pake. Nikasema ipo. Akashika mkono wangu kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Heledd, kufuli liliwashinda. Sasa watataka kulifunga kanisa kwa jeneza langu. Watasema ni heshima. Watasema Tegwen ndiye alikuwa Rehobothi, ameondoka nayo. Usikubali. Mimi sikuwa Rehobothi. Mimi nilikuwa nashona tu."

"Nimekusikia, Shangazi."

"Na fremu isisogezwe. Kazi haitolewi kwenye fremu kabla haijaisha. Mniweke popote penye nafasi."

Alifariki dunia nyumbani kwake Jumanne tarehe 23 Januari 2024, saa tatu asubuhi, watoto wake wote wawili wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka themanini na sita. Nililia, na bado nalia, wala sioni aibu.

Kwa hiyo msishangae kuona jeneza limekaa njiani, limeinama kidogo upande, na nyinyi wa mabenchi ya kati mmebanwa. Wabebaji waliomba fremu iondolewe mbele kupisha jeneza. Aliyewakatalia si mimi. Jana mchana nilikuja kupanga maua, nikamkuta Mzee Haydn peke yake kwenye kiti cha wazee, magoti chini ya mfarishi, miwani puani, anashona. Hakunisikia. Hajawahi kushika sindano maisha yake yote, na mishono yake ni mirefu, imepinda, nyuzi zimening'inia. Kidole chake kilikuwa kinatoka damu. Aliponiona alisema, "Inachoma hii kitu." Kisha akasema, "Heledd, ile programu imeshachapwa. Lakini wewe soma unavyotaka." Mishono yake sitaifumua. Marehemu angeifumua, ila mimi sitaifumua.

Marehemu ameacha watoto wawili, Eurig na Delyth, wakwe zake, Rhiain na Tomos, wajukuu watano, kitukuu mmoja, Elan, aliyezaliwa Septemba na ambaye mfarishi ulio kwenye fremu ni wake, mimi na wadogo zangu, na kanisa la Rehobothi, ambalo ameliacha likiwa wazi. Baada ya maziko, chai na supu vitakuwa chumba cha nyuma. Jumapili, tarehe 4 Februari, saa nne asubuhi, kutakuwa na ibada humu ndani kama kawaida. Boila bado ni mbovu. Anayekuja aje na chupa yake ya maji ya moto, na anayejua kushona aje Jumatatu, maana mtoto Elan anasubiri na nusu nzima bado.

Lala kwa amani, Shangazi. Sisi tutapumzika baadaye.